Sindano Haijui Jogoo

Nyumba ilikuwa na vyumba vinne na ua mmoja. Chumba cha mbele walikaa mshonaji na mumewe, kinyozi. Cherehani ilikaa mlangoni ipate mwanga. Banda la kuku lilikaa uani, chini ya dirisha la jirani yao, muuguzi. Muuguzi huyo alifanya kazi usiku na kulala mchana, ndiyo maana watu walimwita Dada Zamu.

Mshonaji alitaka mayai ya nyumbani. Wifi yake, dada wa kinyozi, alikaa pembezoni mwa mji penye uwanja mpana. Alimletea kuku mmoja na vifaranga wake saba. Dada Zamu alitoka kuwatazama, macho bado mazito.

"Jirani, kuku sikatazi," alisema. "Ila jogoo hapana. Mchana ndio usiku wangu."

"Hakuna jogoo hapa," mshonaji alijibu. "Akiwika hata mmoja, naondoa banda zima. Nimesema."

Jirani alirudi kulala. Kinyozi akamgeukia mkewe.

"Umeahidi nini sasa? Kifaranga hana ndevu, utamjuaje dume?"

"Nitawapima."

Alitunga uzi kwenye sindano, akaining'iniza juu ya kifaranga wa kwanza. Mama yake, aliyekuwa mshonaji pia, ndivyo alivyomfundisha. Sindano ikizunguka, ni jike. Ikienda mbele na kurudi nyuma, ni dume. Madume aliwafunga uzi mwekundu mguuni, majike uzi mweupe. Wakatoka wekundu wanne na weupe watatu.

"Na mkono wako ukitikisika?" kinyozi aliuliza.

"Wako ndio utikisike. Unashika wembe kwenye shingo za watu."

Vifaranga wakakua. Mweupe mmoja alikuwa mpole. Alipenda kulala kwenye kanyagio la cherehani, na mshonaji alimwita Bi Mkubwa. Mweupe mwingine alikuwa mkorofi, akiwadonoa wenzake kutwa.

"Huyu ndiye jogoo," kinyozi alisema.

"Sindano imesema jike."

"Haya, fundi."

Vifaranga walipoweza kujitafutia chakula, wekundu wote na mama yao walirudishwa kwa wifi. "Hao ni madume, wa kitoweo," mshonaji alimwambia. Yeye akabaki na weupe wake watatu.

Miezi miwili na nusu ilipita tangu vifaranga waanguliwe. Mchana mmoja sauti ilitoka uani. Ilikwaruza, ikapanda, ikakatika.

"Bawaba ya lango imekauka," mshonaji alisema.

Kinyozi alileta mafuta ya mashine yake ya kunyolea, akapaka bawaba zote. Kesho yake lango lilifunguka kimya. Sauti ikatoka tena, ndefu zaidi. Dirisha la Dada Zamu likafunguka.

"Bawaba gani hiyo inayowika?"

Bi Mkubwa alikuwa amesimama juu ya ndoo, kanyoosha shingo.

Mshonaji alishika kichwa. "Bi Mkubwa, umenimaliza!"

"Jogoo wa shamba hawiki mjini," kinyozi alijaribu kutania.

"Huyu kakulia mjini, shemeji," Dada Zamu alisema dirishani. "Atawika mpaka mchoke."

Mshonaji hakucheka. "Ahadi ni deni, dada. Banda nitaliondoa."

Dada Zamu alitoka nje. Aliwatazama wale kuku watatu, akavuta kigoda.

"Ngoja kwanza. Nani alikwambia huyu ni jike?"

"Sindano. Mama yangu aliitumia miaka yote."

"Na alipatia?"

"Mara nyingine."

"Hata ukifumba macho ukaonyesha kidole, karibu nusu utapatia. Kifaranga mdogo wa kienyeji humjui kwa kumtazama. Wapo wataalamu wanaokagua sehemu ya haja, lakini wamefunzwa. Wewe ukijaribu utamuumiza. Dawa yake ni kungoja."

"Ningoje nini?"

"Walinganishe wa umri mmoja na mbegu moja. Ona kilemba cha kichwani cha Bi Mkubwa, kikubwa na chekundu. Cha yule mkorofi ni kidogo, bado kimepauka. Ona na miguu, huyu ya kwake minene. Lakini hizo ni dalili tu. Si kila wingu lina mvua. Mlete hapa."

Alimpakata Bi Mkubwa, akafunua manyoya ya mgongoni karibu na mkia.

"Gusa. Haya ni membamba, marefu, yana ncha. Huyu ni pora, ndiyo jogoo kijana. Sasa gusa ya yule mkorofi."

Mshonaji aligusa. "Yana ncha ya mviringo. Kama kola ya mtoto."

"Basi huyo ni tembe, kuku jike ambaye hajaanza kutaga. Ukorofi si udume."

Kuku wa tatu alikuwa na manyoya ya ncha. Pora mwingine.

Kinyozi alihesabu kwa vidole. "Kama hawa wawili si majike, basi wale wa kwa dada..."

"Wa kitoweo!" mshonaji alisema, akasimama.

"Nendeni, na hawa mapora wawili wapelekeni huko. Banda libaki," Dada Zamu alisema. "Leo na kesho nimepumzika. Keshokutwa nataka kulala. Na uzi huo wa miguuni ukateni, mguu unanenepa, uzi haunenepi."

Walimkuta wifi anachambua mchele. Mmoja wa wekundu alikwishaingia sufuriani wiki iliyopita.

"Alikuwa laini ajabu," wifi alisema. "Nikashangaa, jogoo gani huyu?"

"Wifi, ulikula mayai yangu yote kwa siku moja."

"Ulinipa mwenyewe!"

Waliwashika watatu waliobaki, wakafunua migongo. Mmoja alikuwa pora, akaachwa pale pamoja na wawili waliotoka mjini; tembe wawili wakachukuliwa kurudi mjini. Mshonaji alimwangalia Bi Mkubwa akikimbilia uwanjani. Hakugeuka nyuma.

Ua ukatulia. Kuku watatu wakakua. Wifi alipoleta vifaranga wengine, mshonaji hakugusa sindano. Aliwalea wote pamoja, akawalinganisha wiki hadi wiki. Manyoya ya mgongoni yalipojionyesha, mapora wakaenda kwa wifi kabla hawajawika vizuri.

Mchana mmoja yule mkorofi alitoka kwenye kiota akipiga kelele za kuamsha mtaa. Dirisha likafunguka.

"Jirani! Tulikubaliana nini?"

Mshonaji alikuja mbio na yai mkononi, bado lina joto. Akalipitisha dirishani.

Dada Zamu alilishika, akalipima kwa kiganja.

"Kelele za namna hii," alisema, "zina ruhusa." Akafunga dirisha, akarudi kulala.