Bangili ya Wakili

Foleni ilianzia mlango wa zahanati ya chuo ikapinda mpaka kwenye ngazi. Watafiti walikuwa wakigawa bangili nyeusi za kupima jinsi wanafunzi wanavyolala na kuamka, ili wajue huzuni inaingilia wapi. Kijana mrefu, shati limepigwa pasi upande wa mbele tu, akajipenyeza mbele ya msichana wa gauni la njano.

"Kaka, foleni inaishia kule."

"Nilikuwa hapa, dada. Nilikwenda kunywa maji tu."

"Na maji yakakurudisha na soda mkononi?"

Kijana akacheka mpaka akapaliwa. Yeye alisomea uhandisi, msichana sheria, na kabla bangili hazijafungwa walishaitana Mhandisi na Wakili. Simu zikafuata, asubuhi na jioni. Mapenzi yalipokolea wakaunganisha simu zao, kila mmoja auone mchoro wa kulala na kuamka unaotoka kwenye bangili ya mwenzake.

"Nataka nikuone hata ukilala, mpenzi," Mhandisi alisema.

Hapo ndipo Wakili alipoingia mtegoni. Asubuhi zilikuwa zimemwelemea. Vipindi vilimpita, hata kuoga kulikuwa mlima. Tena alisikia kwamba mwenye mchoro mbaya hupelekwa kwa mshauri wa wanafunzi, na mshauri huwaita wazazi. Na mama yake alishawatangazia majirani wote kwamba amezaa wakili! Basi bangili akamvisha mwenzake wa chumbani, mcheza dansi asiyejua kuchoka. Mchoro ukapendeza.

Jioni moja simu ikalia.

"Nije nikuone, laazizi?"

"Usije. Kichwa kinaniuma, nimelala."

"Umelala? Mbona bangili inaruka? Uko na nani?"

Akisema kweli, siri imetoka; akinyamaza, ameachwa.

"Niko peke yangu."

"Njia ya mwongo ni fupi, Wakili." Simu ikakatika.

Akabaki anatazama dari. Alimtaka yule kijana mpaka kifua kikauma, lakini hata kunyoosha mkono ampigie hakuweza. Pazia halikufunguliwa siku hiyo, wala zilizofuata.

Jumamosi mchana Mhandisi alichoka kununa, akaja kugombana. Mlango ukafunguliwa na mcheza dansi, jasho linamtiririka, bangili mkononi.

"Kumbe ni wewe, shemeji!" Mhandisi akamaka.

"Ni mimi, na chukueni bangili yenu. Nimechoka kulala kwa niaba ya mtu!" Akaivua, akamtupia, akapita zake nje.

Mhandisi akaingia, akakaa sakafuni kando ya kitanda.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulimpenda yule wa kwenye foleni. Huyu hata mswaki hajapiga."

"Na mimi wivu umenila wiki nzima kwa sababu ya dansi la shemeji yangu."

Wakili alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio. Kijana akamwacha alie.

"Twende kwa mshauri," akasema baadaye.

"Watamwita mama."

"Pengine watamwita."

Hakumdanganya, na kwa hilo Wakili alimwamini. Akatoa mkono, akafungwa bangili. Kwenye simu ya Mhandisi mstari ukalala chini kabisa, haupandi haushuki.

"Huyo ndiye mimi," Wakili akanong'ona. "Umemwona?"

"Nimemwona. Ndiye ninayemtaka."

Akainama kumtafutia viatu uvunguni. Wakili bado hakuweza kuinuka, ila alitoa mguu mmoja nje ya blanketi.