Vipimo vya Injinia

"Wewe fundi, hivi mimi umenionaje? Mlingoti?" nilimfokea kwenye simu. "Koti limenimeza! Mikono imefunika hadi kucha!"

"Kaka, taratibu. Mimi nimeshona nilichotumiwa."

"Ulitumiwa nini?"

"Mchumba wako aliandika mwenyewe. Bega ishirini, mkono ishirini na saba, suruali arobaini na nne. Nikajua Mungu amekujalia urefu."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Fundi anaishi mji mwingine, kwa hiyo mchumba wangu ndiye aliyenipima, sebuleni kwake. Alinizungushia tepu kifuani, akashuka kiunoni, kisha akamwandikia fundi ujumbe bila hata kuitazama ile tepu. Mimi dereva mfupi nikadhani ni uzoefu. Kumbe!

"Fundi, hivyo vipimo umewahi kuviona?"

Nikasikia cherehani yake ikisimama.

"Kaka, usinitie majaribuni. Harusi ni Jumamosi."

"Nimekuuliza!"

"Ndivyo nilivyomshonea marehemu mume wake. Nikadhani mmefanana maumbo. Nisamehe."

Nikabaki mbele ya kioo cha sebuleni kwa mchumba wangu, ndani ya koti la mtu aliyekufa miaka mitatu nyuma. Walimwita Injinia. Sikuwahi kumwona, lakini humo ndani kikombe chake hakinywewi na kiti chake hakikaliwi. Nilikuwa navumilia, maana wanasema mapenzi ni kuvumilia. Jioni ile nilihisi kabisa kwamba ndani ya koti tupo wawili, na mwenzangu ndiye aliyeenea.

Mlango ukafunguka. Mchumba wangu alikuwa anatoka zamu hospitalini. Aliniona mgongo tu.

"Siku zote hizi ulikuwa wapi?" alisema, kwa sauti laini ambayo mimi sijawahi kupewa. "Nimekusubiri mpaka nimechoka, Injinia."

Nikageuka.

Mkoba ukamponyoka.

"Samahani, mpenzi. Ni giza tu, sikuona vizuri."

"Usilisingizie giza. Na vipimo je?"

"Vipimo gani?"

Nikanyoosha mikono. Vidole havikuonekana hata kimoja. Alitazama, akajishika mdomo.

"Haki ya Mungu sikukusudia! Nilikupima wewe, vidole vikaandika vyake."

"Sasa Jumamosi unaolewa na nani?"

Akakaa sakafuni na sare yake ya kazi.

"Sijawahi kumlilia," alisema. "Wote waliniambia jikaze, nikajikaza. Mpaka leo nikisikia lango naamka kumfungulia."

Iliniuma, nisiseme uongo. Nilimwonea wivu marehemu, na nikaona aibu kumwonea wivu.

"Nakupenda," nilimwambia. "Lakini siwezi kugombea mke na maiti. Yeye hakosei, hakoromi, hazeeki. Atanishinda kila siku ya Mungu."

Hapo ndipo alipolia. Si kilio cha kufuta kwa leso, ni kile cha msibani, mpaka jirani akaja kugonga akiuliza nani amefariki. Nilimwambia ni msiba wa zamani. Nikavua koti, nikakaa chini karibu yake na fulana yangu.

"Tuahirishe," nilisema. "Mzike kwanza. Ukimaliza, mimi nipo."

"Na nisipomaliza?"

"Basi nitakuwa nimejua."

Alijifuta uso kwa kiganja. Akanitazama muda mrefu, kana kwamba mimi ni mgeni niliyeingia sasa hivi.

"Hivi wewe," aliuliza, "ulitaka suti kweli?"

Mwaka mzima wa uchumba, lilikuwa swali lake la kwanza kuhusu nitakacho.

"Siipendi hata kidogo. Inaniwasha."

Akacheka huku machozi yanamtoka. "Haya, unapenda nini?"

Nikaanza kumwambia. Tulichelewa sana kulala.

Miezi ikapita. Mingine alinipigia kila siku, mingine alikaa kimya nami nikawa nauma shuka. Siku alipopiga kusema yuko tayari, sikumwuliza mara mbili.

Nilioa nimevaa shati jeupe. Mfungisha ndoa alipomwuliza anamkubali nani, nilimkazia macho mdomoni. Akanitazama machoni, akataja jina langu, la baba na la babu, bila kukosea hata moja.