Zamu ya Euphrasia

Swaumu aliamka akiwa amechoka. Juma zima alikuwa akiamka hivyo. Bibi yake, mzaa mama, alikuwa ameletwa kutoka kijijini na mguu uliovimba, na tangu siku hiyo kazi za nyumba yao ya mtaa wa Ngokolo ziliongezeka. Bomba la mtaani lilitoa maji siku mbili tu kwa juma, na foleni yake ilianza kabla jua halijachomoza. Siku hiyo ya Jumatano Swaumu alikuwa ameshateka ndoo nne, amewavalisha wadogo zake sare, na sasa alikuwa akimkanda Bibi mguu kwa maji ya chumvi.

"Shikamoo, Bibi."

"Malahaba, mayu. Habali ya kulala?"

"Nzuri, Bibi. Mguu je?"

"Mguu una kiburi. Nikiutuma hauendi."

Bibi, aliyemwita mjukuu wake mayu, yaani mama, alizungumza Kisukuma tangu utoto, na Kiswahili alikipata ukubwani. Kwake kila habari ilikuwa habali. Baba yake Swaumu, ambaye watu wake walikuwa wafanyabiashara wa Ujiji, alimheshimu sana mkwewe, lakini watoto wake hakuwaruhusu kusema hivyo. "Kiswahili ni nguo," alizoea kuwaambia. "Msitoke nje mmeivaa kinyume." Kwa hiyo Swaumu alikuwa akijivunia Kiswahili chake. Alijua kuwa darasani hakuna aliyemshinda.

Alikuwa kidato cha kwanza katika shule moja ya sekondari mjini Shinyanga. Mwaka ule, mwaka 1999, shule ilikuwa imepewa kompyuta tatu zilizokwisha kutumika, na moja ilikufa juma la kwanza. Mwalimu Gulnaz, binti wa familia yenye duka la vifaa vya shule karibu na soko, alikuwa amesomea kompyuta Dar es Salaam. Alijitolea kufundisha jinsi ya kutengeneza kurasa za mtandao. Intaneti yenyewe haikuwapo shuleni. Wanafunzi waliandika kurasa zao, wakazihifadhi kwenye disketi, na mwalimu alipanga kuzipeleka Mwanza, palipokuwa na intaneti, siku zitakapokamilika.

Nafasi zilikuwa kumi na mbili. Walioomba na kukosa walikuwa zaidi ya thelathini, na majina yao yalibandikwa mlangoni kwa mpangilio wa kungoja. Ukutani kulikuwa na karatasi ya manila yenye kanuni. Futa miguu, kwa sababu vumbi la Shinyanga huua mashine. Andika kwanza kwenye karatasi, ndipo uandike kwenye kompyuta. Andika jina lako kwenye daftari la zamu wewe mwenyewe. Kanuni ya mwisho ilipigiwa mstari mwekundu: mtu asihifadhi kazi kabla mwenzake hajaisoma herufi kwa herufi. Atakayehifadhi bila kusomewa atatoa nafasi yake kwa anayengoja.

"Mwalimu, herufi moja tu inaleta shida gani?" Feisal aliuliza siku ya kwanza. Feisal hakuwa mtu wa kukaa kimya.

"Kompyuta haibahatishi," Mwalimu Gulnaz alijibu. "Mimi nikikuita Faisali utaitika, kwa sababu unaelewa. Hii haielewi. Ukurasa wa kwanza ukiita ukurasa mwingine kwa jina, na jina likapishana hata herufi moja, hautakuja."

Mwenzake Swaumu katika kazi hiyo alikuwa Euphrasia Mageni. Euphrasia alikuja mjini kusoma, akaishi kwa mjomba wake, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Alikuwa mwepesi wa hesabu na mzito wa maneno, maana kila alipofungua kinywa, l zilitoka mahali pa r, na Feisal alikuwa tayari kumwiga. Swaumu hakumwiga, lakini mara moja moja alicheka.

Jumatano hiyo, saa tisa na nusu alasiri, Swaumu aliingia chumba cha kompyuta akiburuta miguu. Kesho yake mkuu wa shule angekuja kuona kazi zao. Ukurasa wa Swaumu, uliotakiwa kuitwa "habari" kwa kuwa ulikuwa na habari za shule, ulikuwa bado kwenye karatasi. Zamu yake ya Jumatatu ilimpita kwa sababu alikuwa amempeleka Bibi hospitali, na Jumanne umeme ulikatika mchana kutwa.

Euphrasia alikuwa ameshaandika jina lake kwenye daftari la zamu. Alimtazama Swaumu usoni.

"Mbona uko hivyo, shoga? Unaumwa?"

"Nimechoka tu. Na ukurasa wangu haujaanza."

"Basi kaa wewe. Wangu ulikwisha juzi."

"Na daftari? Tubadilishe jina?"

"Tutabadilisha kesho. Wewe andika. Mimi naenda kuteka maji ya kwa mjomba hapo bomba la nje ya shule, nitaludi kukusomea."

Swaumu alikaa. Aliandika akiangalia karatasi, kisha kibodi, kisha karatasi. Feni haikufanya kazi. Mistari ilianza kucheza machoni pake, na mara mbili kidevu kilishuka hadi kifuani. Alipomaliza, saa ilikuwa kumi kasoro dakika tano, na Euphrasia alikuwa hajarudi. Mwalimu Gulnaz alisikika nje akitikisa funguo. Swaumu aliutazama ule mstari mwekundu ukutani. Alijiambia kuwa yeye si mtu wa kukosea Kiswahili. Akaandika jina la ukurasa, akahifadhi, akatoka.

Njiani alikutana na Euphrasia akirudi mbio, jasho likimtiririka.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Nani kakusomea?"

"Nimesoma mwenyewe," Swaumu alisema, akapita.

Alhamisi mkuu wa shule alikuja, akasimama nyuma ya kiti cha mwalimu na mikono mgongoni. Ukurasa wa kwanza ulifunguka vizuri, na picha ya bendera iliyochorwa na mwenzao Rohit ikaonekana. Mwalimu Gulnaz alibofya neno "Michezo", ukurasa ukaja. Alibofya "Walimu", ukaja. Alibofya "Habari". Kikatokea kioo cheupe chenye maneno machache ya Kiingereza, kwamba ukurasa huo haupo.

Alibofya tena. Haukuja.

"Labda na wenyewe uko likizo," mkuu alisema, lakini hakutabasamu.

Mwalimu alifungua orodha ya kazi zilizohifadhiwa. Wote waliinama kutazama. Hapakuwa na "habari". Palikuwa na "habali".

Kicheko kilipasua chumba.

"Eee! Euflasia huyo!" Feisal alipiga makofi. "Habali ya leo, dada? Malahaba sana!"

"Feisal, kimya," mwalimu alisema. Alichukua daftari la zamu na kupitisha kidole. "Ilihifadhiwa jana alasiri. Jana, saa tisa na nusu, zamu ya Euphrasia Mageni. Euphrasia, ulikuwa unaandika jina la ukurasa wa mwenzako?"

Euphrasia alisimama. Alimtazama Swaumu mara moja, akangoja. Swaumu aliangalia vidole vya miguu yake.

"Jina ni langu, mwalimu," Euphrasia alisema kwa sauti ndogo.

"Nani alikusomea kabla ya kuhifadhi?"

"Hakuna aliyesoma."

Mkuu wa shule aligeuka akasoma karatasi ya manila. "Kanuni mmeiandika wenyewe," alisema. "Kama haifuatwi, bora ukuta ubaki mtupu. Jumatatu nafasi yake apewe anayefuata."

Siku hiyo Swaumu alirudi nyumbani kama mtu aliyebeba gunia la pamba. Njia nzima alijisemea kwamba si yeye. Yeye hawezi kuandika habali. Pengine Euphrasia alirudi chumbani baada yake, akagusa kitu. Pengine mashine ilikosea. Alilirudia hilo mpaka likakaribia kuwa kweli.

Mama yake alikuwa uani, anahangaika na jiko la mkaa.

"Swaumu, nipe karatasi ya kuwashia. Moshi unaniua."

Swaumu alifungua mkoba na kutoa karatasi aliyoiandikia ukurasa wake. Haikuwa na kazi tena. Alimkabidhi mama, na wakati huo huo jicho lake likaanguka juu kabisa, pale alipoandika jina la ukurasa kwa kalamu yake, kwa mwandiko wake wa kulala upande: habali.

Hakuiachia. Mama alivuta upande wake.

"Mtoto, unang'ang'ania nini? Mkaa unaningoja."

"Hii bado nina kazi nayo, Mama."

Aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Alikuwa ameiandika karatasi ile Jumapili kando ya kitanda cha Bibi, huku Bibi akimsimulia habari za kijijini. Habali za fulani, habali za ng'ombe, habali za mvua. Mkono uliandika kile sikio lilichosikia.

"Una nini?" Mama aliuliza.

Swaumu alimweleza yote, kuanzia zamu hadi kicheko. Mama alisikiliza huku akipepea jiko kwa kipande cha boksi. Swaumu alipomaliza, Mama aliweka boksi chini.

"Unajua baba yako alikwenda shuleni mara mbili kukuombea nafasi ile."

"Najua."

"Na huyo binti Mageni, nani alimwombea?"

Swaumu aliikunja ile karatasi magotini.

"Nimechoka, Mama," alisema, na machozi yakamtoka.

"Wote tumechoka, mwanangu," Mama alisema taratibu. "Kaa hapo upumzike. Leo maji nitateka mimi."

Ijumaa Swaumu alifika shuleni kabla ya kengele. Mwalimu Gulnaz alikuwa peke yake chumbani, anafuta vumbi kwenye mashine.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona mapema?"

 Swaumu aliweka karatasi mezani na kuonyesha kwa kidole. Mwalimu aliisoma, akamtazama, akaisoma tena.

"Huu ni mwandiko wako."

"Ndiyo, mwalimu. Jumatano Euphrasia alinipa zamu yake kwa sababu nilikuwa nimechelewa na nimechoka. Alisema atarudi kunisomea. Sikumngoja. Nilihifadhi mimi."

"Na jana ulikuwepo hapa."

"Nilikuwepo."

Mwalimu Gulnaz alikaa kitini. Alituma mtu amwite Euphrasia, naye akaja na vumbi la njiani hadi magotini.

"Euphrasia, jana kwa nini hukusema si wewe?"

"Jina kwenye daftali lilikuwa langu, mwalimu. Nilivunja kanuni nilipotoa zamu bila kufuta jina." Alisita. "Na walivyocheka vile, niliona hata nikisema, nani ataamini?"

 Mwalimu alikunja kitambaa cha vumbi, akakikunjua.

"Nilipoanza kufundisha hapa," alisema mwishowe, "watoto waliniiga ninavyosema. Niliwasikia nyuma ya mlango. Halafu jana nimesikia kicheko, nikatazama daftari, nikaona inatosha. Sikuuliza swali la tatu. Nisamehe, Euphrasia."

Alikwenda na karatasi hadi ofisi ya mkuu. Aliporudi, wanafunzi wote kumi na mbili walikuwa wameketi.

"Euphrasia anabaki," alisema. "Atafagia chumba juma moja, kwa kutoa zamu bila kuandika. Swaumu ameniletea kosa lake mwenyewe kwa mkono wake. Nimeshukuru. Lakini kanuni aliyohukumiwa nayo Euphrasia jana siwezi kuisahau leo. Swaumu, hutagusa kibodi mpaka muhula ujao, na zamu zako atapewa anayengoja."

Swaumu aliitikia kwa kichwa. Ilimuuma, lakini hakushangaa.

"Sikilizeni vizuri, na wewe Feisal," mwalimu aliendelea. "Kuchoka si kosa. Kuandika l mahali pa r si kosa kubwa. Ni herufi, inafutika. Kosa kubwa ni kukaa kimya huku mwenzako anabeba mzigo wako. Daftari la zamu sikuliweka ili nipate wa kumwadhibu. Nililiweka ili asiye na kosa aweze kujitetea. Ukiandika uongo humo, au ukiuacha ukae, umemnyang'anya mwenzako ngao yake. Na ukimhukumu mtu kwa jinsi anavyotamka, hujamhukumu kwa alilotenda. Hilo hata mimi jana lilinishinda."

Feisal alijikuna shingo. "Samahani, Euphrasia," alisema, na safari hii alilitamka jina lote sawasawa.

"Sasa, nani atarekebisha?" mwalimu aliuliza. "Mkuu anarudi baada ya kipindi cha tatu."

Euphrasia aliandika jina lake na saa kwenye daftari, akakaa mbele ya mashine. Alifuta herufi, akaandika nyingine. Kisha mkono wake ukasimama hewani.

"Mwalimu, lazima nisomewe. Mwenzangu ni Swaumu."

Mwalimu Gulnaz alifikiri kidogo. "Kugusa hapana," alisema. "Kusoma anaruhusiwa."

Swaumu alisogea, akasimama nyuma ya kiti na mikono mgongoni. Macho yalikuwa bado mazito. Aliinama karibu na kioo na kusoma polepole, herufi moja moja, bila kuiruka hata ile aliyoijua.

"He. A. Be. A." Alitazama vizuri. "Re. I."

"Nisevu?" Euphrasia aliuliza.

"Sevu."

Euphrasia alihifadhi, akabofya "Habari", na ukurasa ukafunguka.