Mpangaji wa Mekoni

Magogo yalikuwa yamesogea tena. Yalikuwa magogo ya udongo wa kuchomwa, yaliyotengenezwa yafanane na kuni, kila moja na mahali pake juu ya bomba la gesi ndani ya meko ya sebuleni. Jana fundi aliyapanga mwenyewe. Leo mawili ya katikati yalikuwa yamesukumwa pembeni, kama mtu anavyosukuma mito apate pa kulala, na kioo cha mbele kimejaa masizi.

“Shemeji, umeyagusa,” fundi alimlaumu mwenye nyumba, nesi aliyekuwa katika siku yake ya mapumziko. “Gogo likikaa vibaya moto unaliramba, masizi yanajaa. Haya si mafiga, uyapange utakavyo.”

“Niyaguse na nini? Kioo kimekazwa, na bisibisi unayo wewe.”

Mumewe, mshonaji, alicheka bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. “Labda humo kuna mpangaji. Mwambieni basi afagie.”

Fundi huyo walimwita Dakika Tano. Akizima meko, haiwashi tena mpaka dakika tano zipite ili gesi iliyobaki itawanyike, hata umlilie. Watu walimcheka, lakini nyusi zake zilikuwa kamili, hazijawahi kuungua.

Alifungua kioo. Harufu ya nywele zinazoungua ikamjia puani. Nyuma ya magogo uliwaka mwali mdogo wa buluu, ule usiozimwa mchana wala usiku, ambao kazi yake ni kuwasha moto mkubwa. Alipoinamia kulia, mwali ukainamia kulia. Aliporudi kushoto, ukamfuata. Aliogopa, ila kazi ni kazi. Akazungusha kitufe, mwali ukafa, akatazama saa yake.

Cherehani ikanyamaza.

“Nani amezima nyumba yangu?”

Maneno yalitoka kinywani mwa mshonaji, lakini sauti haikuwa yake. Alisimama. Moshi ulimtoka puani, na midomo ikaanza kuvimba malengelenge. Mkewe alipomkimbilia, alimdaka mkono akaukunja hadi mfupa ukalia, kisha akamtupa ukutani.

“Washa,” nesi alinong’ona pale chini.

“Zimepita mbili tu, shemeji. Itatulipukia.”

“Anamchoma mume wangu kwa ndani! Atakufa nikimwona! Washa!”

Fundi akapiga magoti. Tatizo la mwali ule ni kwamba kitufe chake hakiachiwi upesi: lazima ukibonyeze nusu dakika, mpaka kijiti cha usalama kilicho kando kipate joto, la sivyo gesi inajikata yenyewe. Akabonyeza, akawasha, na gesi iliyobaki ikalipuka usoni mwake ikafagia nyusi na ndevu, lakini kidole hakukitoa, akawa anahesabu kwa sauti huku mshonaji akimpiga mateke ya mbavu, mmoja ukavunjika alipofika kumi na nne, mwingine kumi na tisa, na meno ya mshonaji, ya moto, yakamshika shingoni yakatafuna, na nesi akamrukia mumewe mgongoni kwa mkono mmoja akimsihi amwachie fundi, na damu ikadondoka juu ya magogo ikachemka, mpaka fundi akasema thelathini.

Mwali ukabaki ukiwaka wenyewe. Mshonaji akaanguka kama gunia.

“Mke wangu,” aliita baada ya muda, kwa sauti yake. “Nani amekuumiza?”

Nesi alimkumbatia akalia. Fundi alijikokota hadi mlangoni, ameshika shingo. “Naita gari la hospitali. Huo mwali msiuzime. Hata iweje.” Akatoka.

Haukupita muda, mlango ukagongwa. Halikuwa gari. Alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya gesi, kofia mkononi.

“Samahani mama, bomba kubwa limepasuka kule barabarani. Tumefunga gesi mtaa mzima. Hiyo iliyobaki ndani inaisha sasa hivi.”

Akaenda zake nyumba ya pili. Nesi na mumewe wakageuka kutazama mekoni. Mwali ulikuwa umebaki kama punje ya mchele.

Mshonaji alikaa kitini, akanyoosha mikono yote miwili. “Nifunge. Haraka. Nisikuguse tena.”

“Siwezi kukufunga wewe.”

“Utaweza. Nifunge mpaka na shingo.”

Nesi alichukua mikanda ya kitambaa kutoka mezani, akamfunga miguu, mikono, kifua, kwa mkono mmoja na meno, machozi yakimchuruzika. Wa mwisho aliuzungusha shingoni. Hapo mwali ukazimika.

Mshonaji alifumba macho akangoja. Alingoja joto, alingoja ile sauti. Hakuna kilichokuja.

“Ni mimi!” alisema, akicheka na kulia kwa pamoja. “Mke wangu, bado ni mimi! Hakuingia!”

Nyuma yake mkewe alikuwa bado anakaza fundo.

“Basi, mpenzi. Inatosha.”

Aliendelea kukaza.