Asali Iliyozuiwa Ghalani

Jumatano, saa moja na robo asubuhi, mpelelezi wa forodha alifunua pipa la kwanza la asali, akachomeka kijiko, nacho kikasimama wima. Akafunua la pili, la tisa, la thelathini. Yote yalikuwa vilevile: asali imeganda, nzito kama samli ya siku ya baridi.

Alikuwa ametumwa kufunga jalada tu. Ripoti ya maabara ya serikali ilishatoa hukumu: asali ya chama cha wafugaji nyuki imechanganywa na maji ya sukari. Mapipa yote arobaini yamezuiwa. Meli inaondoka Ijumaa mchana, na mnunuzi wa ng'ambo hagusi bidhaa isiyo na cheti.

Mwenyekiti wa chama, mwanamke wa makamo aliyejulikana kwa jina la Mama Mzinga, alisimama pembeni amekunja mikono kifuani.

“Mama, siku mliyochukua sampuli, asali ilikuwa imeganda hivi?”

“Jumatatu? Tuliichimba, mwanangu! Mkaguzi wa ghala alipinda kijiko, akacheka mwenyewe.”

Jioni iliyotangulia mpelelezi alikuwa ameishika chupa ya sampuli kule maabara. Alipoiinamisha, asali ilikimbia kutoka upande huu hadi ule. Tena karatasi ya lakiri iliyozungushwa kwenye kifuniko ilikuwa imejikunja kingo, kama karatasi iliyowahi kulowa ikakauka.

“Nani aliibeba kwenda maabara?”

“Wakala wetu wa mizigo aliendesha gari, lakini chupa niliipakata mimi kama mtoto mchanga. Saa tano na dakika tano nikaikabidhi mkononi mwa fundi, na saini yangu juu ya lakiri.”

Nje ya ghala palikuwa na lori la chama. Nyuma ya kiti cha dereva mpelelezi aliona mifuko mitupu ya sukari, kumi kwa hesabu yake. Dereva, ambaye ni shemeji yake Mama Mzinga, alimwona akiitazama, akaanza kujikuna shingo.

“Shemeji, sukari yote hii ya chai?” mpelelezi aliuliza.

“Ya nyuki, afande. Usinicheke. Maua yalikauka yote, tukawakorogea wasife njaa.”

“Kwa hiyo sukari imeingia kwenye asali.”

“Asali hii ilivunwa miezi miwili kabla! Baada ya hapo hatujagusa mzinga hata mmoja. Daftari la mavuno si hilo hapo?”

Mpelelezi alilipekua daftari mstari kwa mstari. Tarehe ziliafikiana na maneno ya dereva. Akamrudishia, na dereva akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Saa nne na nusu alikuwa maabara. Fundi wa vipimo, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimfungulia kitabu cha kazi.

“Nilipima jana, Jumanne. Nilianza saa tatu, jibu likatoka saa nne na dakika ishirini. Maji ya sukari asilimia thelathini na nane.”

“Uliipasha moto chupa nzima, ikayeyuka?”

“Hapana, dada. Napasha matone machache tu.”

“Na Jumatatu, baada ya kuipokea?”

“Niliifungia kabatini. Saa saba nikampeleka mama kliniki, sikurudi tena. Ufunguo nilimwachia mkuu wa maabara.” Alitoa kadi ya kliniki kwenye mkoba. Mhuri ulikuwa wa Jumatatu, saa nane mchana.

Alibaki wakala, na wakala alikuwa na sababu ya kushukiwa. Kila wiki alikuwa redioni akiitaka serikali iwaache wafanyabiashara wapumue, ifute ukaguzi wa lazima wa bidhaa zinazoingia na zinazotoka; mzigo uliokwama ungempa mfano wa kulalamikia. Kesho yake, Alhamisi, kamati ingekaa kuamua jambo hilohilo, pamoja na hatima ya maabara.

“Unanishuku mimi?” Wakala alisimama nyuma ya meza yake iliyojaa makaratasi ya mizigo. “Dada, tumia akili. Mimi nataka mzigo upite, niwaambie watu, mmeona, wakulima wetu ni waaminifu, ukaguzi wa nini? Ukikwama, nimeumbuka. Haya, soma. Mkuu wa maabara keshawaandikia kamati. Kesho watatupiga nayo hii kichwani.”

Alimtupia nakala ya barua. Mpelelezi aliisoma mara moja harakaharaka, kisha mara ya pili polepole. Mkuu wa maabara aliwaeleza wanakamati kwamba asali ya chama, yenye asilimia thelathini na nane ya maji ya sukari, ilikuwa karibu kuliaibisha taifa, na ni ukaguzi tu ulioinasa. Kwenye kona palikuwa na mhuri wa masijala ya kamati: imepokelewa Jumanne, saa mbili na dakika kumi asubuhi.

Mpelelezi aliikunja barua, akaitia mkobani. Mkuu wa maabara ndiye aliyemfundisha kazi. Mpaka leo hamwiti vingine ila Mwalimu.

Saa tisa na nusu alibisha hodi ofisini kwake, fundi akiwa nyuma yake na kitabu cha kazi kwapani.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, binti yangu. Jalada umelifunga?”

“Bado. Asali ya kwenye mapipa imeganda, ya kwenye chupa inatiririka. Mtu ameibadilisha.”

“Wakulima wana mbinu nyingi.”

“Lakiri ilibanduliwa kwa mvuke, ikabandikwa tena. Chupa ilikuwa kwenye kabati la maabara, na ufunguo ulikuwa nao wewe.”

“Hayo ni mawazo tu.”

Mpelelezi aliweka barua mezani. “Hii ilifika kwenye kamati Jumanne saa mbili na dakika kumi. Kipimo kilitoka saa nne na dakika ishirini.”

“Masijala wanakosea mihuri kila siku.”

“Basi tuseme mhuri umekosewa. Barua uliandika lini?”

“Jumanne mchana, baada ya jibu.”

“Tarishi wenu alisaini kuichukua Jumatatu saa kumi na nusu, Mwalimu. Nimetoka kuzungumza naye sasa hivi. Jumatatu hakuna aliyekuwa amepima chochote, lakini barua inataja thelathini na nane. Namba ile angeijua mtu mmoja tu, yule aliyekoroga.”

Fundi alianza kulia bila sauti. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

“Ulikuwa mdogo wewe,” alisema hatimaye. “Unga wa uji wa watoto uliingia nchini ukiwa na sumu, kwa kuwa hakukuwa na wa kuuzuia. Niliwaona wale watoto wodini. Ndipo tukapewa maabara hii. Leo watu wanataka kuifunga, eti inawachelewesha. Nilihitaji kesi moja kubwa. Moja tu.”

“Mama Mzinga hakuwapa sumu wale watoto.”

“Ukiyasema haya kesho, wao wameshinda.”

“Nikinyamaza, Mwalimu, watakuwa wamesema kweli kuhusu sisi.”

Mzee aliomba kalamu, akaandika maelezo yake mwenyewe, kurasa nne, bila kumtupia lawama mtu.

Alhamisi mpelelezi aliieleza kamati kila kitu. Wote walimgeukia wakala, wakingoja ashangilie. Akasimama, akakohoa.

“Mnunuzi wangu amenipigia,” alisema. “Nimemwambia labda mwakani hakutakuwa na ukaguzi. Akaniambia basi mwakani tusisumbuane. Mimi sitaki maabara ifungwe. Nataka isichezewe, na isinikalishe wiki tatu.”

Walibishana hadi jioni. Mwishowe ukaguzi ulibaki, lakini kila sampuli igawanywe chupa tatu: ya maabara, ya mwenye mzigo, na ya maabara ya chuo kikuu. Majibu yatoke ndani ya siku mbili. Siku hiyohiyo fundi alichota asali upya, mtaalamu wa chuo akimwangalia, na haikuwa na sukari ya kuongezwa hata chembe.

Ijumaa, saa sita kasorobo, mapipa yalipakiwa. Mama Mzinga alilitazama kontena likinyanyuliwa hadi likakaa mahali pake.

“Yule mzee wenu,” alimwambia mpelelezi, “mfikishie kwamba bado nimemkasirikia.”

“Nitamfikishia, mama.”

“Na huyo fundi mwenye miwani ya uzi, mwambieni ajiandae. Mwakani nitamletea na nta aipime.”