Saini ya Fundi

Soko la viatu lilifurika watu mchana ule. Katikati ya msongamano, dada mmoja mwenye gauni la kijani alikuwa amepiga magoti, akigonga kisigino cha kiatu sakafuni huku ametega sikio. Kijana mrefu, shati jeupe amelikunja mikono, alikosa pa kupita.

"Dada, hicho kiatu unakinunua au unakisikiliza?"

"Nakisikiliza. Kuna mama kwenye filamu yangu anatembea, lakini hana hatua."

Kijana alicheka, akachuchumaa naye. Kumbe kazi yao ilikuwa moja. Dada alikuwa mhariri wa sauti: yeye ndiye aliyetafuta hatua, milango na mvua, akazipanga kwenye picha. Kijana alikuwa mchanganyaji, wa kuzipima sauti hizo zisimeze maneno ya waigizaji. Mwezi haukuisha, wakawa kwenye chumba kimoja cha kazi, kuta zimefunikwa magodoro ya kuzuia mwangwi, wakiitengeneza filamu ile ile. Mwaka haukuisha, mapenzi yakawapa majina, dada Sikio na kijana Fundi, na mama yake Fundi akaanza kumwita Sikio mkwe.

Filamu ilipotoka, mtayarishaji alileta fomu ya tuzo ya sauti bora. Fundi aliisoma, akaona jina lake peke yake. Alipouliza, aliambiwa kwamba majaji hupenda jina moja, na mwenzake atapata zamu yake. Akatia saini. Alijiambia angemweleza Sikio jioni. Jioni ikapita, ikapita na nyingine, mpaka siku ya tuzo ikafika.

Ukumbini Sikio alikaa kando yake, amevaa hariri ya zambarau, hina imemkolea mikononi. Jaji alizisifu hatua za yule mama anayeondoka nyumbani kwake, akasema zilimliza. Sikio alimminya Fundi mkono, akaanza kuinuka. Likatajwa jina moja. Fundi akapanda jukwaani, akamshukuru mtayarishaji, akamshukuru mama yake. Alipomtafuta mpenzi wake kwa macho, alikuta kiti kitupu.

Sikio alikuwa ametoka kwa aibu, lakini hata hapo alidhani ni makosa ya uchapaji. Asubuhi alimpigia mtayarishaji, naye akamwambia fomu ilitiwa saini na nani. Baada ya hapo simu za Fundi ziliita mpaka zikachoka. Mama yake alikwenda mwenyewe kumbembeleza, akarudi amejiinamia.

"Mwanangu, nimekosa la kumwambia. Ana haki."

Fundi aliirudisha tuzo, akawaandikia waandaaji ukweli wote. Ilichukua miezi minane wao kulisahihisha jambo, wakatoa cheti chenye majina mawili. Akakipeleka mwenyewe mji mwingine, alikohamia Sikio. Alipokewa vizuri, akaandaliwa chai. Sikio alikisoma cheti polepole, akakiweka mezani.

"Asante. Nimekusamehe, tena siku nyingi."

"Basi turudi nyumbani, mpenzi."

"Sikutaka tuzo mimi. Ungeniambia tu, ningekupigia makofi kuliko wote. Sasa kila utakaponyamaza, nitajiuliza unanificha nini. Maisha hayo siyawezi."

Fundi alimaliza chai yake, akainuka.

Sikio alimsindikiza hadi langoni, akamwulizia mama, akampa salamu ampelekee. Fundi alizifikisha siku ya pili yake. Mama akauliza kama kuna jingine aliloagizwa. Akasema hapana, akaingia chumbani kwake, akaurudisha mlango taratibu.