Theodora na Kisanduku cha Eko

Kila alasiri, Theodora akishavua sare ya shule, alichukua mundu na kwenda kukata majani kando ya mfereji. Ng'ombe wao, kama ng'ombe wengi wa Kibosho, hakutoka bandani. Chakula kilimfuata hapo hapo alipo. Theodora alijaza hori, akachota maji, akafagia uwanja, kisha akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Mama yake akiona anavyosugua vidole alijua binti anakimbilia wapi.

"Giza lisikukute kwa mjomba wako!" alimpigia kelele.

"Sawa, mama!" Theodora alijibu, na tayari alikuwa ameshavuka mfereji.

Mjomba wake, Fabian, alikuwa amepiga gitaa kwa miaka mingi katika bendi ya dansi mjini Moshi. Sasa alikuwa amerudi kwenye kihamba, shamba la ukoo la wazazi wake, kulima kahawa na ndizi, lakini gitaa lake jekundu la umeme bado lilining'inia ukutani sebuleni, na amplifaya yake ilikaa pembeni kama mgeni wa heshima. Theodora alianza kulishika gitaa hilo akiwa mdogo, wakati mkono wake haujafika mwisho wa shingo ya gitaa. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, naye ndiye aliyepigia gitaa kwaya ya watoto ya kigangoni. Mjomba alimwita "mpiga solo wangu", na kila alipomwita hivyo Theodora alijifanya hakusikia, ili aitwe tena.

Mwaka ule, katika miaka ya tisini, Sista Theopista alikuwa anatimiza miaka ishirini na mitano ya utawa. Alizaliwa kijijini hapo, na ndiye aliyeianzisha kwaya ya watoto. Mwalimu Wenseslaus, mwalimu wa kwaya, alimtungia wimbo. Katikati ya wimbo huo watoto wote walinyamaza, gitaa likapiga peke yake, na lilipomaliza, Gladys aliimba ubeti mmoja akiwa peke yake. Gladys alikuwa rafiki mkubwa wa Theodora tangu darasa la kwanza. Mama yake Gladys alikuwa amekwishawaalika shangazi za binti yake kutoka Bomang'ombe waje kumsikia.

"Wimbo ni mzuri," Mwalimu Wenseslaus alisema siku moja, "ila gitaa linasikika kavu. Tulitafutie eko."

Wazazi walichangishana, na Jumamosi iliyofuata mjomba na Theodora walishuka mjini na lile gitaa jekundu.

"Mjomba, eko ni nini hasa?" Theodora aliuliza njiani.

"Umewahi kumwita mtu kule bondeni mtoni, penye kingo za mawe? Sauti yako haikatiki mara moja. Inabaki kidogo, inazunguka, ndipo inapotea. Kisanduku cha eko kinalifanyia gitaa hivyo hivyo. Unapiga nota moja, na mkia wake unabaki hewani."

Duka la Bwana Pravin lilikuwa karibu na soko. Siku hizo maduka ya Moshi yalikuwa yamejaa bidhaa ambazo, mjomba alisema, enzi za ujana wake mtu alizisikia tu kwa wasafiri. Bwana Pravin aliweka visanduku viwili juu ya meza. Kimoja kilikuwa cheusi, kirefu, chenye vitufe vingi vya kuzungusha. Cha pili kilikuwa kidogo, cha rangi ya fedha, na kilikuwa na kitufe kimoja tu.

"Hiki kidogo kina springi ndani," alisema, akakitikisa. Kikanguruma kama radi ya mbali, na Theodora akacheka. "Na hiki cheusi ni cha kisasa. Kina eko ya chumba, eko ya ukumbi, hata eko ya kanisa kuu. Jaribu, binti."

Theodora alipiga kwanza kwa kile kidogo. Sauti ilikuwa nzuri, laini, lakini ya kawaida. Kisha akajaribu kile cheusi kwenye eko ya kanisa kuu. Lo! Nota moja ilijaa duka zima, ikapanda mpaka darini, ikakataa kuondoka. Alipiga kipande chake cha katikati ya wimbo, kile chenye nota zinazopanda harakaharaka kama ngazi, ambapo kidole chake kidogo kilizoea kukwama. Safari hii hakusikia kukwama kokote. Kila kitu kiliteleza.

"Hiki, mjomba! Hiki hiki!"

Mjomba alijikuna kidevu. Bwana Pravin akamtazama, akatabasamu.

"Fabian, chukueni vyote viwili. Mkajaribu kule kule mtakakopiga, kisha mnirudishie kimoja. Dukani kwangu pana maboksi na makapeti, kanisani kwenu pana mawe. Sauti ya hapa si sauti ya kule."

Wiki ile ilikuwa ya kuvuna kahawa, na mjomba alishinda shambani. Theodora alipiga peke yake sebuleni, na kisanduku cheusi kikawa hakizimwi. Zamani alirudiarudia ile ngazi ya nota mpaka vidole vimuume. Sasa aliipita mara moja tu, akaenda zake kwenye nyimbo nyingine za kujifurahisha. Kidole kikikwama, aliruka nota mbili tatu na kutua mwishoni, na eko ilifunika pengo kama ukungu unavyofunika migomba asubuhi. Watoto wa jirani walikaa mlangoni wakimsikiliza kwa midomo wazi. Theodora aliona kwamba amekuwa bingwa.

Ijumaa kwaya ilifanya mazoezi kanisani kwa mara ya kwanza. Kanisa la parokia lilikuwa la mawe, lenye paa la juu sana, na siku hiyo halikuwa na watu. Theodora aliunganisha waya zake, akaweka eko ya kanisa kuu. Nota zilitoka, zikagonga kuta, zikarudi, zikakutana na nyingine zilizokuwa bado zinatoka. Katikati ya wimbo alifika kwenye ngazi yake, akakwama, akaruka, akatua. Gladys alifungua kinywa, akasita, akaingia akiwa amechelewa.

"Tena," Mwalimu Wenseslaus alisema.

Wakarudia. Theodora aliruka tena, safari hii mahali pengine. Gladys akaingia mapema. Walirudia mara nyingine, na mambo yakaharibika zaidi.

"Gladys, unalala? Subiri gitaa limalize, ndipo uingie!"

"Mwalimu, sijui linapomalizia," Gladys alisema kwa sauti ndogo.

"Mazoezi yote yaliyopita ulijua, leo umesahau? Sista hatasherehekewa kwa kubahatisha. Tabitha, njoo usimame hapa. Utaimba wewe huo ubeti."

Theodora alizikodolea macho nyuzi za gitaa. Alijua. Alijua kwamba hakuna binadamu ambaye angeweza kuingia vizuri baada ya kipande kile, kwa sababu kila mara yeye mwenyewe alikimaliza mahali tofauti. Badala ya kusema, aliinama akajifanya anaweka waya sawa. Gladys alirudi mstari wa nyuma bila kumtazama mtu.

Baada ya mazoezi Theodora alimkuta mjomba akigeuza kahawa iliyoanikwa kwenye vichanja. Alimwamkia, akakaa juu ya gogo.

"Marahaba, mpiga solo wangu. Mazoezi yamekwendaje?"

"Vizuri. Ila Gladys ametolewa. Alikuwa anakosea kuingia."

"Gladys?" Mjomba aliinua uso. "Yule mtoto ambaye hata kengele ya shule ikilia anaimba sauti yake? Hebu twende ndani, unipigie hicho kipande."

Theodora alinyoosha mkono kuwasha kisanduku cheusi.

"Bila hicho," mjomba alisema polepole.

Alipiga. Bila eko, kila nota ilisimama peke yake, wazi, kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa. Alifika kwenye ngazi, kidole kikakwama. Alianza tena. Kikakwama tena, vibaya kuliko hata mwezi uliopita. Akaweka gitaa chini na machozi yakamtoka.

"Mjomba, ni mimi. Si Gladys. Naruka nota, na yeye hajui aingie wapi. Mwalimu alipomgombeza nilinyamaza."

Mjomba hakumkaripia. Alijifuta mikono, akaketi karibu naye.

"Na mimi nilikusikia kutoka shambani, nikajua umeshakiweza. Nilipaswa kuja kukusikiliza kwa karibu," alisema. "Sikiliza, mwanangu. Eko haina kosa lolote. Ni kama magadi kwenye kiburu cha ndizi na maharage. Ukiweka kidogo, maharage yanalainika na ndizi zinanoga. Ukimwaga kiganja kizima, hakuna atakayekula. Na hata ukiyapima vizuri namna gani, magadi hayaivishi chungu ambacho hukukiwekea moto."

Theodora alicheka kidogo katikati ya machozi.

"Kosa la vidole tutalitibu hapa hapa, mimi na wewe," mjomba aliendelea. "Kosa la kunyamaza lina dawa yake, na dawa hiyo mimi siwezi kukunywea."

Theodora alielewa. Alitoka, akapita mpakani mwa kihamba, akakata jani la sale, lile ambalo Wachagga hulipeleka kwa mtu wakitaka kumwomba msamaha. Alimkuta Gladys jikoni kwao anapukuchua maharage. Akalishika lile jani kwa mikono miwili, akamwambia yote, bila kuacha kitu.

Gladys alimsikiliza akiwa ameinama. "Nimelia mpaka nikawaona akilini shangazi zangu wote wakirudi Bomang'ombe bila kunisikia," alisema. "Kwa nini hukusema pale pale?"

"Niliona aibu. Kila mtu alikuwa anasema napiga vizuri."

Gladys alitazama jani, akatazama uso wa rafiki yake. "Sale wanapelekeana watu wazima, wewe!" alisema, na kicheko kikamponyoka. "Haya, nimelipokea. Lakini kwa mwalimu unakwenda leo."

"Nisindikize."

"Nitakusindikiza, ila utasema mwenyewe."

Mwalimu Wenseslaus aliwasikiliza wakiwa wamesimama barazani kwake. Akavua miwani. "Gladys, nisamehe. Uliniambia hujui gitaa linapomalizia, na mimi sikukusikiliza. Ubeti ni wako. Theodora, umefanya jambo gumu. Kesho uwaambie na wenzako."

Kesho yake Theodora aliwaambia wanakwaya wote. Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Tabitha. "Afadhali!" alisema, akishusha pumzi. "Ile nota ya juu ilikuwa inaninyima usingizi!"

Tangu siku hiyo mazoezi ya nyumbani yalikuwa makavu, bila eko. Mjomba alimpangia kupiga ile ngazi polepole, nota moja moja, kisha kwa kasi kidogo, kisha kidogo zaidi. Kidole kiligoma, kikauma, kikazoea. Ilipofika siku ambayo Theodora aliipanda ngazi yote bila kuruka, mjomba alitoka nje na kumtangazia ng'ombe wake habari hiyo.

Ndipo wakaenda kanisani kuchagua eko, na Gladys akiwa nao. Alisimama mlangoni kabisa, nyuma ya mabenchi yote, akiinua mkono kila alipousikia wazi mwisho wa kipande. Kwa kisanduku cheusi mkono haukuinuka. Theodora alipunguza, akaweka eko ya chumba. Mkono uliinuka kwa kusitasita. Kisha akaunganisha kile kidogo chenye springi, akazungusha kitufe kidogo tu. Mkono wa Gladys uliinuka mara moja.

"Hicho!" alipaza sauti.

Theodora mwenyewe alikuwa amekwisha kujua. Kisanduku cheusi kikarudi kwa Bwana Pravin.

Siku ya jubilei kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje. Theodora alipiga nota za kwanza, akashtuka. Gitaa lilisikika kavu! Alimtazama mjomba, ambaye alikuwa amekaa pembeni. Mjomba hakuonyesha ishara yoyote. Alimtazama tu kwa upole. Theodora akafikiri upesi: kanisa lililokuwa tupu sasa limejaa watu, makoti na vitenge, na mwangwi wa mawe umepungua. Watoto walipokuwa wanaimba kiitikio, aliinama na kukizungusha kitufe mbele kidogo.

Kisha wote wakanyamaza. Gitaa likapanda ngazi yake, nota moja baada ya nyingine, kila moja safi na yenye mkia mfupi mtamu. Ya mwisho ilipotua, sauti ya Gladys iliingia hapo hapo. Sista Theopista alifunika uso kwa mikono. Shangazi wa Bomang'ombe walipiga vigelegele kabla wimbo haujaisha, na padri hakuwazuia.

Baada ya misa mjomba Fabian alimkumbatia Theodora mbele ya watu wote.

"Mjomba, mbona hukunionyesha la kufanya gitaa liliposikika kavu?"

"Kwa sababu sikio lako sasa linatosha," alisema. "Kumbuka hili, mpiga solo wangu, hata nje ya gitaa. Mtu anayejificha nyuma ya pambo hubaki na kosa lake, na mara nyingi anayelilipia ni mwenzake. Jifunze kwanza kazi yako ikiwa wazi, ukosee, uirekebishe. Ukikosea, sema. Pambo lije baadaye, nalo liwe kidogo."

"Ndiyo, mjomba," Theodora alisema, na safari hii hakujifanya hakusikia.